Maumivu Sugu: Yanavyoeleweka Leo na Yanavyotibiwa

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wananchi, kamati za afya za vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Linaweza kusomwa na mtu mmoja nyumbani au kujadiliwa katika kikundi. Maswali ya majadiliano yamewekwa mwishoni.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu anayeishi na maumivu ya muda mrefu huuonja ukweli wa usemi huo kila siku. Hana bandeji ya kuonyesha, hana homa, na pengine hata vipimo vimerudi bila kuonyesha kasoro. Asubuhi hushindwa kuinama kuokota jembe, na jioni husikia majirani wakisema kuwa ni mvivu. Wapo wanaomwambia kuwa amerogwa, na wapo wanaomwambia kuwa anajifanya. Naye huhangaika kutoka duka la dawa hadi kwa mganga wa jadi, kutoka sindano moja hadi nyingine, mpaka mbuzi wanaisha zizini na maumivu yako palepale.

Hasara hiyo inaweza kupunguzwa. Katika miaka 60 iliyopita watafiti wamejifunza mengi kuhusu namna maumivu yanavyotokea, kwa nini mengine hukataa kuondoka, na ni matibabu yapi yanayosaidia kweli. Sehemu kubwa ya maarifa hayo haihitaji mashine za gharama, hivyo yanaweza kutumika hata katika zahanati ya kijiji.

Maumivu sugu ni nini?

Maumivu ya muda mfupi huja na sababu inayoonekana: mtu amejikata, ameungua, amevunjika mfupa au amefanyiwa upasuaji. Mwili unapopona, maumivu nayo huondoka. Maumivu sugu ni yale yanayoendelea, au yanayorudi mara kwa mara, kwa muda unaozidi miezi mitatu. Huo ndio muda ambao tishu nyingi za mwili zinakuwa zimekwisha kupona.

Kwa miaka mingi maumivu ya aina hii yalihesabiwa kuwa ni dalili tu ya ugonjwa mwingine. Mtazamo huo umebadilika. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, imeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe. Ndani yake imo aina inayoitwa maumivu sugu ya msingi, yaani maumivu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa. Mgonjwa wa aina hiyo anastahili kuandikwa katika daftari la kliniki na kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Ukubwa wa tatizo unaonekana katika maumivu ya kiuno peke yake. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Hakuna tatizo jingine la kiafya linalowafanya watu wengi zaidi waishi wakiwa na ulemavu wa kiutendaji. Katika jamii ambayo riziki hutegemea kulima, kuchota maji, kubeba mizigo na kuendesha bodaboda, kiuno kinachouma ni suala la chakula na ada ya shule.

Maumivu yana kazi yake

Kabla ya kutafuta namna ya kuyaondoa, ni vyema kufahamu kwa nini mwili una maumivu. Mfano ulio karibu ni ukoma. Ugonjwa huo huharibu neva za mikono na miguu, na mgonjwa hupoteza hisia. Huweza kushika sufuria ya moto bila kushtuka, au kutembea siku nzima na mwiba unyayoni. Vidole vya mgonjwa wa ukoma hupotea kwa sehemu kubwa kutokana na majeraha ambayo hakuyasikia.

Mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu watoto sita wa koo tatu za kaskazini mwa Pakistani ambao walizaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu. Wote walikuwa na majeraha ya midomo au ndimi kwa kujiuma, na wengi walivunjika mifupa bila kujua. Mvulana mmoja aliyejulikana kwa kuwaonyesha watu mtaani jinsi anavyojichoma visu mikononi alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Watafiti waligundua hitilafu katika jeni moja inayotengeneza mlango mdogo wa kupitisha umeme katika neva za maumivu. Ugunduzi huo uliwaelekeza wanasayansi kwenye milango ya aina hiyo, na Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa mpya, suzetrijini, inayofunga mlango mmoja wa jamii hiyo. Dawa hiyo iliidhinishwa kwa maumivu makali ya muda mfupi.

Maumivu, basi, ni mlinzi. Tatizo la maumivu sugu ni mlinzi anayeendelea kupiga kelele wakati hatari imekwisha au ni ndogo sana.

Kutoka kwenye kamba hadi kwenye lango

Kwa karne nyingi wataalamu waliamini kuwa maumivu husafiri kama mtu anavyovuta kamba ya kengele. Mwanafalsafa René Descartes, katika kitabu kilichochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1664 baada ya kifo chake, alieleza kuwa moto ukigusa mguu huvuta uzi unaofika ubongoni, na kengele hulia. Kwa fikra hiyo, jeraha kubwa lazima lilete maumivu makubwa, na pasipo jeraha pasiwe na maumivu.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitia doa fikra hiyo. Daktari wa jeshi la Marekani, Henry Beecher, aliwahudumia askari waliojeruhiwa vibaya nchini Italia. Mwaka 1946 aliandika kuwa wengi wao, walipoulizwa, walisema hawahitaji dawa ya maumivu, ingawa walikuwa na akili timamu na majeraha makubwa. Beecher alihusisha jambo hilo na maana ya jeraha: kwa askari, kujeruhiwa kulikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai. Jeraha lilelile kwa raia lingeleta maana tofauti kabisa.

Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walipendekeza maelezo mapya. Walisema kuwa ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango. Taarifa za hatari kutoka mwilini hufika langoni kwanza. Lango linaweza kufunguka zaidi na kuzipitisha kwa wingi, au kujifunga na kuzipunguza. Neva nene zinazobeba hisia za mguso husaidia kulifunga. Ndiyo maana mtu aliyejigonga goti hulisugua mara moja bila kufundishwa. Ubongo nao hutuma amri za kushuka chini, za kufungua au kufunga. Hofu, upweke na kukosa usingizi husukuma lango lifunguke. Utulivu, matumaini na shughuli inayopendeza husaidia kulifunga.

Sehemu kadhaa za maelezo hayo zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo kuu limesimama: maumivu hayasafiri kama uzi uliovutwa. Ubongo na uti wa mgongo huyachuja, huyapunguza na wakati mwingine huyakuza.

Pilipili ilivyofungua mlango wa Tuzo ya Nobel

Kila mpishi anajua kuwa pilipili huwasha kana kwamba ni moto, ingawa haina joto lolote. Mwaka 1997 kundi la watafiti lililoongozwa na David Julius katika jimbo la California lilitambua kipokezi kilicho katika neva za maumivu ambacho huamshwa na kemikali ya pilipili, na pia huamshwa na joto kali. Pilipili, kwa maneno mengine, hubonyeza kengele ileile ambayo moto huibonyeza. Julius na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso na mkandamizo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021.

Somo la pilipili ni muhimu kwa mgonjwa: kengele inaweza kulia kwa nguvu na kwa kweli hata pale ambapo hakuna nyumba inayoungua.

Kengele inayolia baada ya mwizi kuondoka

Mwaka 1983 Clifford Woolf, mtafiti aliyezaliwa Afrika Kusini na aliyekuwa akifanya kazi London, alionyesha kuwa baada ya kuumia, seli za neva ndani ya uti wa mgongo zinaweza kubadilika na kuwa nyepesi kuamka. Kichocheo kidogo huleta mwitikio mkubwa, na eneo linalouma hupanuka kupita pale palipoumia. Hali hiyo inaweza kuelezwa kama usikivu uliozidi wa mfumo wa neva.

Dalili zake zinafahamika kwa wauguzi wengi. Mguso mwepesi wa nguo au shuka huuma. Maumivu yaliyoanza kiunoni husambaa mgongoni na mabegani. Siku ya kazi ndogo hufuatwa na siku tatu za kulala kitandani. Usingizi hukatika, na usingizi ukikatika maumivu ya kesho yake huwa makali zaidi. Mgonjwa hajayabuni maumivu hayo. Mfumo wake wa neva umejifunza kuyakuza, na kilichojifunzwa kinaweza, taratibu, kufundishwa upya.

Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilirekebisha tafsiri yake ya maumivu. Kwa muhtasari, maumivu ni hali isiyopendeza ya hisi na ya moyo, inayohusiana na madhara ya tishu yaliyopo au yanayoweza kutokea, au inayofanana na hali hiyo. Chama kiliongeza kuwa maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yanapaswa kuheshimiwa. Hiyo ni kanuni ya utabibu, na katika vijiji vyetu inafaa pia kuwa kanuni ya ujirani.

Aina tatu, njia tatu

Wataalamu huyagawa maumivu katika makundi matatu, na mgawanyo huo husaidia kuchagua tiba.

Kundi la kwanza ni maumivu ya tishu, kama vile ya goti lililosagika, kidonda au uvimbe. Mgonjwa huweza kuonyesha mahali kwa kidole, na maumivu hubadilika kufuatana na mwendo.

Kundi la pili ni maumivu ya neva, yanayotokana na neva iliyoumia au kuugua. Kisukari, mkanda wa jeshi, ukoma na virusi vya UKIMWI ni baadhi ya vyanzo vyake. Mgonjwa husema nyayo zinawaka moto, anachomwa sindano, anapigwa shoti ya umeme, au ana ganzi yenye maumivu ndani yake. Dawa za kawaida kama paracetamoli huwa na nafuu ndogo hapa. Zinazosaidia zaidi ni zile zinazotuliza neva, kama amitriptilini na gabapentini, kwa kipimo kinachoandikwa na tabibu. Mgonjwa asishtuke akiambiwa kuwa amitriptilini hutumika pia kwa sonona. Hapa hupewa kwa dozi ndogo zaidi, na kwa sababu nyingine.

Kundi la tatu ni maumivu yanayotokana na usikivu uliozidi wa mfumo wa neva wenyewe, pasipo jeraha la tishu wala ugonjwa wa neva unaotosha kuyaeleza. Sehemu kubwa ya maumivu ya mwili mzima, na baadhi ya maumivu sugu ya kiuno, huingia hapa. Mtu mmoja anaweza kuwa na aina mbili au zote tatu kwa wakati mmoja.

Picha haisemi yote

Wagonjwa wengi huamini kuwa wakipata picha ya mgongo, ugonjwa utaonekana. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti zilizopiga picha migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Kati ya watu wa miaka 20 wasioumwa, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kati ya wale wa miaka 80, walikuwa asilimia 96. Kuchakaa kwa diski ni kama mvi za ndani ya mgongo: huja na umri, na mara nyingi haziumi.

Kwa hiyo mganga anaposema kuwa picha haihitajiki, huenda anamwokoa mgonjwa na gharama pamoja na hofu isiyo na msingi. Picha ina thamani kubwa pale zinapoonekana dalili za hatari.

Dalili za hatari zisizopaswa kusubiri

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na mojawapo ya mambo yafuatayo yanahitaji kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa:

- Kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, mkojo kukataa kutoka, au ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo.
- Miguu kulegea au kupoteza nguvu.
- Homa, jasho la usiku, kukonda au kikohozi cha muda mrefu. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa, brusela nayo hufikiriwa.
- Kuanguka kutoka juu ya mti au kupata ajali ya pikipiki.
- Mgonjwa kuwahi kuugua saratani, au maumivu mapya yanayozidi usiku kwa mtu mwenye umri mkubwa.

Utafiti unasema nini kuhusu tiba?

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya msingi ya kiuno. Mwongozo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kukanda misuli, tiba ya kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe na maumivu pale zinapofaa. Haupendekezi matumizi ya kawaida ya mikanda ya kukaza kiuno, mashine za kuvuta mgongo, wala dawa za kundi la afyuni.

Mazoezi yamechunguzwa sana. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, na yalionyesha kuwa mazoezi huleta nafuu kuliko kutofanya chochote au kupata huduma ya kawaida pekee. Hata kutembea tu kuna faida. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2024 liliwahusisha watu 701 waliopona maumivu ya kiuno siku za karibuni. Waliofundishwa na kuongozwa kutembea kwa kuongeza hatua kidogo kidogo walikaa kwa wastani wa kati siku 208 kabla ya maumivu kurudi na kuzuia shughuli zao. Wasiopata mafunzo hayo walikaa siku 112.

Mkulima anaweza kuuliza: je, kulima hakutoshi? Kazi ya shamba ni mwendo, lakini mara nyingi ni mwendo wa namna moja, wa kuinama kwa saa nyingi na kwa nguvu zote. Kutembea mahali tambarare, kunyoosha mgongo, kuimarisha misuli ya tumbo na mapaja na kubadilisha mkao huupa mwili kile ambacho jembe haliupi.

Tiba ya mazungumzo nayo imeonyesha matokeo. Katika jaribio dogo la Marekani lililohusisha watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo, kundi moja lilifundishwa kwa wiki nne kuyaona maumivu kama kengele isiyo ya hatari, badala ya ishara kuwa mgongo unavunjika. Asilimia 66 ya kundi hilo walibaki bila maumivu au karibu bila maumivu, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Jaribio ni dogo, na wengi wa washiriki hawakuwa na maumivu makali sana. Hata hivyo linaonyesha kuwa maneno ya mtoa huduma yana uzito. Mgonjwa anayeambiwa kwamba mgongo wake umekwisha huondoka na hofu, na hofu hulifungua lango.

Dawa: faida na mipaka yake

Paracetamoli haina nguvu kubwa kwa kiuno kama inavyodhaniwa. Jaribio la Australia la mwaka 2014, lililowahusisha watu wapatao 1,650 wenye maumivu mapya ya kiuno, lilionyesha kuwa waliomeza paracetamoli walipona kwa muda uleule kama waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa muda mfupi. Zikitumiwa kila siku kwa miezi, hatari yake hukua: vidonda vya tumbo na kutokwa na damu, kupanda kwa shinikizo la damu, na kuharibika kwa figo. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo asizitumie bila ushauri wa tabibu, na mjamzito vivyo hivyo. Vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa mnadani kama dawa ya mgongo ni hatari zaidi, kwa kuwa mnywaji hajui anameza nini.

Dawa za kundi la afyuni, kama tramadoli na mofini, zinahitaji uangalifu wa pande mbili. Kwa upande mmoja, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 liliwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Waliopewa dawa za kundi hilo hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi ya waliopewa dawa nyingine, na walipata madhara mengi zaidi. Tramadoli ya kununua kiholela huweza kuleta uraibu na hata degedege.

Kwa upande mwingine, mofini ni dawa halali na muhimu kwa mgonjwa wa saratani. Uganda imekuwa mfano kwa bara zima. Tangu mwaka 1993, taasisi ya Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman imekuwa ikitumia mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazotoa tiba shufaa. Familia isiogope mofini iliyoandikwa na daktari kwa mgonjwa wa saratani. Kumwacha akilia usiku kucha hakumrefushii maisha.

Watoto wenye selimundu nao wasisahaulike. Maumivu yao makali huja kwa vipindi, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ni malaria au deko. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda kwa watoto 606 waliotumia dawa ya haidroksiyurea, ulionyesha vipindi vya maumivu vikipungua kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Maambukizi ya malaria na vifo pia vilipungua. Mzazi mwenye mtoto anayelia viungo mara kwa mara na apeleke ombi la kipimo cha selimundu.

Safari ya mgonjwa katika huduma za wilaya

Mgonjwa huanzia zahanati. Mganga mfawidhi akiona dalili za hatari, au akikosa dawa inayohitajika, hutoa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Barua ya rufaa isipotee, kwa kuwa huokoa muda na kuzuia vipimo kurudiwa.

Maelezo mazuri ni nusu ya tiba. Melzack, aliyetajwa hapo juu, alichapisha mwaka 1975 dodoso linalotumia maneno ya wagonjwa wenyewe kutofautisha aina za maumivu. Kiswahili kina utajiri wa maneno hayo: kuna maumivu yanayochoma, yanayowaka, yanayopwita, yanayokata, yanayosokota, yanayovuta, na kichwa kinachowanga. Mgonjwa akitumia neno sahihi, tabibu hukaribia aina sahihi. Yafaa pia aeleze yalianza lini, yanaelekea wapi, nini huyazidisha, nini huyatuliza, analala saa ngapi, na dawa zote alizokwisha kutumia, zikiwamo za mitishamba.

Baada ya hapo, mgonjwa na mtoa huduma hupanga lengo la shughuli. Kusema "maumivu yaishe" ni vigumu kupimika. Kusema "niweze kutembea hadi sokoni na kurudi ifikapo mwezi ujao" kunapimika. Chukulia mama wa miaka 48 anayeweza kutembea dakika 10 kabla ya maumivu kuzidi. Huanza na dakika 8 kila siku, siku nzuri na siku mbaya vilevile. Kila wiki huongeza dakika moja au mbili. Siku akijisikia vizuri hazidishi, na siku akiumwa kidogo haachi. Shambani hugawa kazi: analima kwa muda mfupi, anasimama na kunyoosha mgongo, anafanya kazi nyingine ya kukaa, kisha anarudi. Haba na haba hujaza kibaba. Maumivu yakipanda ghafla kwa siku chache, hupunguza kiwango kwa muda na kuanza tena. Kupanda huko pekee si ushahidi kuwa mgongo umeharibika.

Wajibu wa familia na jamii

Jambo la kwanza ambalo familia inaweza kutoa ni kuamini. La pili ni kusaidia bila kumnyang'anya mgonjwa kazi zote, kwa kuwa kulala kitandani kwa wiki nyingi hudhoofisha misuli na moyo. La tatu ni kulinda usingizi wake. Ndoa na vyama vya kuweka na kukopa vimevunjika kwa sababu mtu mmoja alidhaniwa kuwa mvivu. Mwenyekiti wa kitongoji anayefahamu somo hili anaweza kuzuia shauri lisifike mbali.

Mgonjwa aliyekata tamaa, asiyelala wala kula, au anayezungumzia kifo, asiachwe peke yake. Sonona na maumivu sugu hufuatana mara nyingi, na kila moja hulizidisha jingine. Zote zina tiba, na mahali pa kuanzia ni zahanati ileile.

Muhtasari wa somo

1. Maumivu yanayozidi miezi mitatu ni sugu, na yanaweza kuwa ugonjwa kamili.
2. Maumivu ni ya kweli hata vipimo visipoonyesha kasoro.
3. Mwendo wa hatua kwa hatua, usingizi na elimu ni sehemu ya tiba.
4. Dawa ifuate aina ya maumivu, kwa ushauri wa tabibu.
5. Dalili za hatari hazisubiri.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kijiji chenu, mtu mwenye maumivu ya muda mrefu huitwa majina gani? Majina hayo humsaidia au humuumiza?
2. Familia hutumia kiasi gani kwa mwezi kununua dawa za maumivu bila kupimwa? Ni nani anayejua madhara yake?
3. Ni kazi zipi za nyumbani na shambani zinazoweza kugawanywa ili mgonjwa aendelee kushiriki bila kuzidiwa?
4. Kamati ya afya ya kijiji inaweza kuwasilisha maombi gani kwa mganga mfawidhi kuhusu elimu ya mazoezi, tiba shufaa na kipimo cha selimundu?